Maua ya Lyon katika Kasula Zetu: Asili na Maana ya Nakshi za Mavazi ya Misa

Kasula za zamani, zile za umbo la Kirumi ambazo wengi huzifananisha na gitaa kwa jinsi zilivyokatwa mabegani, bado zimo katika makabati ya sakristia za baadhi ya parokia kongwe za Kanda ya Ziwa. Anayezifunua hukutana kwanza na maua: mawaridi yaliyofungamana na majani yake, mayungiyungi juu ya hariri ya rangi ya maziwa, masuke ya ngano yaliyosokotana na vichala vya zabibu, na pengine ua moja la ajabu lenye taji la nyuzinyuzi katikati. Katika parokia na vigango vichanga, kama hapa Kiseke na vitongoji vingine vilivyoinuka upesi katika vilima vya Ilemela, makabati ya namna hiyo ni nadra. Hata hivyo maua yenyewe yamekwisha kufika. Kasula mpya ambayo akina mama wa WAWATA hununua dukani kwa ajili ya jubilei ya padre, ingawa ni ya nyuzi za kiwandani na imedariziwa kwa mashine, ina ngano na zabibu zilezile.

Tunapenda kueleza hapa maua hayo yametoka wapi, yalichorwa na kufumwa na watu gani, yapi yana fumbo la imani na yapi hayana. Tunafanya hivyo kwa sababu ya haja iliyo wazi. Kila parokia inapokarabati sakristia huzuka swali la mavazi yaliyochakaa, na majibu yanayotolewa kwa haraka si mema: mengine huchomwa moto, mengine hukatwa kuwa vitambaa vya meza, na mengine humezwa na nondo kabatini pasipo mtu kuyaona.

Mji wa hariri

Sehemu kubwa ya nakshi za mavazi ya Kanisa la Magharibi katika karne ya 19 ilibuniwa Ufaransa, na hasa katika mji wa Lyon, uliojengwa pale mto Saône unapoungana na mto Rhône. Hariri ilikuwa imefumwa humo tangu karne ya 16. Mapinduzi ya 1789 yaliuumiza vibaya mji huo, kwa maana wateja wake wakuu walikuwa wafalme, makabaila na Kanisa, na wote watatu walianguka pamoja. Ahueni ilikuja polepole. Napoleone aliagiza hariri kwa ajili ya majumba yake, na Mapatano ya mwaka 1801 kati yake na Papa Pius VII yakayafungua tena makanisa ya Ufaransa, ambayo mengi yalikuwa yameporwa mavazi na vyombo vyake. Altare zilizorudishiwa ibada zilihitaji kuvikwa upya.

Mwaka 1807 serikali iliamuru kuanzishwa kwa shule ya sanaa mjini Lyon, nayo ikawekwa katika jumba la Saint-Pierre, lililokuwa abasia ya watawa wa kike Wabenediktini. Ndani ya shule hiyo palikuwa na darasa la maua. Jina lisimchekeshe msomaji. Lilikuwa darasa lenye kazi mahususi, kuwaandaa wachoraji watakaovipatia viwanda vya hariri michoro mipya kila msimu. Antoine Berjon, mchoraji mashuhuri wa maua, alifundisha humo kuanzia 1810 hadi 1823. Mwanafunzi alijifunza kulichora ua hai lililo mbele yake, unyevu wake, kunyauka kwake, hata jani lililotobolewa na mdudu, kabla ya kuruhusiwa kulipanga upya ili lijirudie katika kitambaa. Kutoka katika mazingira hayo alitokea Simon Saint-Jean, aliyezaliwa 1808 na kufariki 1860, ambaye picha zake za maua zilisifiwa mbali na Ufaransa.

Mashariki mwa nchi, katika mji wa Mulhouse, waliendelea kwa njia nyingine. Wao walipiga chapa maua juu ya pamba, kwa bei ambayo mke wa fundi aliweza kuimudu. Mbunifu mmoja wa huko, Adolphe Braun, alipiga mnamo 1854 picha zipatazo 300 za maua kwa kamera, chombo kilichokuwa kipya kabisa, ili wachoraji wa vitambaa wawe na vielelezo hata majira ya baridi bustani zikiwa tupu. Lakini mavazi ya Misa yalitaka hariri, kwa hiyo turudi Lyon.

Jinsi ua linavyoingia katika kitambaa

Msomaji aliyezoea kitenge anajua kwamba nakshi yake imewekwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Ua la kasula ya Lyon halikuwekwa juu. Lilizaliwa pamoja na kitambaa chenyewe, uzi kwa uzi, na hapo ndipo ilipo gharama yake.

Mchoraji alipomaliza picha yake ya rangi, picha hiyo ilihamishiwa kwenye karatasi kubwa yenye miraba midogo. Kila mraba ulisimamia mahali ambapo uzi wa mtande, yaani ule uliotandwa kwa urefu, unakutana na uzi wa mshindio, yaani ule unaopitishwa kwa upana. Baadaye mtu mwingine aliisoma karatasi hiyo mstari kwa mstari, na usomaji wake ukageuzwa kuwa matundu katika kadi za karatasi ngumu. Kadi moja iliongoza mpito mmoja wa uzi. Palipo na tundu, kulabu iliinua uzi wa mtande. Pasipo na tundu, uzi ulibaki chini. Kadi zilishonwa pamoja kama mkanda mrefu na kuwekwa juu ya kitanda cha mfumi, katika mtambo unaoitwa kwa jina la Joseph-Marie Jacquard wa Lyon, aliyeukamilisha mwanzoni mwa karne hiyo, kwa kawaida husemwa 1804, akijengea juu ya kazi za mafundi waliomtangulia. Picha ya Jacquard mwenyewe, iliyofumwa kwa hariri mwaka 1839, ilihitaji kadi zipatazo 24,000. Wanaopenda kompyuta watavutiwa kujua kwamba wazo la kuipa mashine maagizo kwa kadi zenye matundu lilichukuliwa kutoka kwenye vitanda hivi vya wafumaji.

Kilele cha ufundi huo kilikuwa chombo cha sala. Kati ya 1886 na 1887 nyumba ya J.-A. Henry ya Lyon ilitoa kitabu cha sala ambacho hakikuchapwa kwa wino hata herufi moja. Kurasa zake zote, maneno na nakshi za pambizoni, zilifumwa kwa hariri.

Mtambo haukumwondolea mfumaji jasho. Wafumaji wengi waliishi juu ya kilima cha Croix-Rousse, katika nyumba zenye dari ndefu kwa ajili ya mitambo hiyo. Kitanda cha mfumi kilikaa chumba kilekile ambamo familia ilipika na kulala, na watoto walifanya kazi pamoja na wazazi wao. Hariri yenye nakshi nzito na uzi wa zari ilisonga mbele kwa sentimita chache tu kwa siku. Mara nyingi mfumaji aliiona nyuma ya kitambaa peke yake, kwa kuwa uso wenye ua ulitazama chini. Mwaka 1831 wafumaji walidai bei ya chini kabisa ya kazi yao. Bei ilikubaliwa, kisha baadhi ya wafanyabiashara wakaikataa, na mji ukaingia katika maasi mwezi Novemba. Waliasi tena Aprili 1834, wakakandamizwa kwa damu. Mwenyeheri Frédéric Ozanam, ambaye Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo kinamheshimu kama mwanzilishi, alikulia katika mji huo. Miaka 60 baada ya maasi ya kwanza, mwaka 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wake juu ya haki za wafanyakazi, Rerum Novarum.

Sarafu moja kwa juma

Hapa tunafika kwenye kiungo kati ya Croix-Rousse na Ziwa Viktoria, nacho si kitambaa tu.

Pauline Jaricot alizaliwa Lyon mwaka 1799 katika nyumba ya mfanyabiashara wa hariri. Akiwa msichana alipenda mavazi ya fahari, kisha akiwa bado kijana akayaacha na kuvaa nguo za kawaida kama wanawake wafanyakazi. Aliwakusanya wasichana wa viwanda vya hariri, akawaomba wasali na kutoa sarafu moja ndogo kila juma kwa ajili ya misioni, na akawapanga kumi-kumi: kila mmoja atafute wengine kumi, na hao kumi wengine. Kutokana na mpango huo lilianzishwa rasmi mjini Lyon, tarehe 3 Mei 1822, Shirika la Uenezaji wa Imani. Mwaka 1826 alianzisha Rozari Hai. Alitumia mali yake kujaribu kuanzisha kiwanda ambamo mfanyakazi angeishi kwa heshima. Mradi ukaporomoka mikononi mwa watu wasio waaminifu, naye akafariki mwaka 1862 akiwa maskini mwenye madeni. Mwaka 1922 Papa Pius XI alilipa shirika hilo hadhi ya kipapa. Mama Kanisa alimtangaza Pauline kuwa Mwenyeheri tarehe 22 Mei 2022, mjini Lyon. Mchango tunaoutoa kila mwaka Dominika ya Misioni mwezi Oktoba ni mtoto wa sarafu ile.

Misaada ya shirika hilo iliziwezesha misioni nyingi, zikiwamo zile za Wamisionari wa Afrika, walioanzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza kuelekea maziwa makuu ulifunga safari kutoka Marseille mwezi Aprili 1878, ukapita Zanzibar na Bagamoyo, na mwishoni mwa mwaka huo ukafika Kageye, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke. Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa na kufika Buganda Februari 1879. Wamisionari walipolazimika kuondoka huko mwaka 1882 walirudi upande wetu wa kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Bukumbi, ambayo Jimbo Kuu letu linaihesabu kuwa chimbuko lake.

Katika mizigo ya misafara kama hiyo, iliyobebwa vichwani na wapagazi kwa miezi, palikuwa na sanduku la Misa: kalisi, jiwe la altare, vitambaa vya kitani, kasula. Si kila kasula kongwe iliyopo kandokando ya ziwa imetoka Lyon. Wamisionari waliofuata walitoka pia Uholanzi, Ujerumani na Kanada, na kila mmoja alipata msaada wa watu wa kwao. Lakini mtindo wa maua wa Lyon ulienea kotekote, hata viwanda vya nchi nyingine viliuiga. Kwa hiyo yafaa mwamini anapoliona waridi la hariri katika kasula ya namna hiyo akumbuke kwamba mikono ya aina moja ililifuma na pia ikatoa sarafu ya kumleta padre aliyelivaa.

Kuyasoma maua

Maua si mageni katika nyumba ya Mungu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 28, kinaagiza makomamanga ya nyuzi za rangi katika pindo la vazi la Haruni, na Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 7, kinasimulia vichwa vya nguzo za hekalu vilivyochongwa kwa umbo la maua. Wachoraji wa Lyon walijua vyanzo hivyo.

Ua linaloonekana mara nyingi zaidi ni lile ambalo wengi tunaliita yungiyungi au lilia, jeupe, lenye umbo la tarumbeta. Ni ishara ya usafi wa moyo, na kwa hiyo hufumwa katika mavazi ya sikukuu za Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu. Kwa Kiswahili pana utata kidogo hapa. Yungiyungi letu, kwa asili, ni lile linaloelea majini, ambalo kila aliyepanda mtumbwi penye maji matulivu amelishika kwa mkono. Nalo si ua la kasula. Tafsiri ya Biblia ya Union katika Wimbo Ulio Bora, sura ya 2, imechagua neno «nyinyoro», ambalo ni la ua la nchi kavu lenye kitunguu ardhini na liko karibu zaidi na lile la Wafaransa. Tunadhani watafsiri hao walichagua vema. Mwamini ajihadhari pia asilichanganye ua hilo na ile alama ya majani matatu yaliyofungwa kiunoni iliyokuwa nembo ya wafalme wa Ufaransa. Alama hiyo imo katika kasula nyingi. Wengine waliifuma kwa heshima ya Maria, wengine kwa mapenzi ya kifalme, na baadhi kwa yote mawili.

Waridi ni la Maria, na ni la Rozari, iliyopata jina lake kutokana na ua hilo. Likiwa jekundu juu ya vazi jekundu huelekeza kwenye damu ya mashahidi, hasa likiwekwa pamoja na tawi la mtende, ishara ya ushindi. Ngano na zabibu ni Ekaristi, wala hazihitaji maelezo kwa mtu aliyepokea Komunyo ya Kwanza. Komamanga lililopasuka na kuonyesha punje zake nyingi ndani ya ganda moja ni Kanisa. Wabunifu wa karne ya 19 walilichukua kutoka kwenye mahameli za Italia za karne ya 15.

Ua ambalo tungependa kukaa nalo zaidi ni lile la taji la nyuzi. Wafaransa waliliita ua la Mateso. Nalo si la kigeni kwetu hata kidogo: ni ua la mpasheni, ule unaotambaa juu ya uzio wa nyumba nyingi za Mwanza na kutupatia juisi. Wamisionari wa Amerika ya Kusini ndio waliolitazama kwanza kwa jicho la imani, na habari zake zikafika Roma mwanzoni mwa karne ya 17. Yeyote anaweza kulichuma asubuhi na kuhesabu. Katikati kabisa zipo ncha tatu zilizotanuka, nazo ni misumari mitatu. Chini yake vipo vifuko vitano vya chavua, majeraha matano ya Bwana. Zile nyuzi zilizozunguka, zambarau chini na nyeupe nchani, ni taji la miiba. Petali na sepali kwa jumla ni kumi, Mitume kumi, kwa kumwacha Petro aliyemkana na Yuda aliyemsaliti. Vikonyo vinavyojiviringa ni mijeledi. Ukiikuta nakshi hiyo katika kasula ya zambarau au nyekundu, hapo mfumaji alikuwa anafundisha Njia ya Msalaba bila maneno. Makatekista wa watoto wanaweza kuifundisha kwa ua halisi pasipo gharama yoyote, na watoto hawatalisahau.

Maua yasiyo na fumbo

Lazima tuseme pia jambo ambalo wapenda mafumbo huwa hawapendi kulisikia. Si kila ua lililo juu ya kasula lina maana ya kiroho. Katika Ulaya ilikuwa desturi ya muda mrefu kwa wanawake matajiri kutoa gauni zao za hariri kwa kanisa, nazo zikafumuliwa na kushonwa upya kuwa kasula na stola. Ndiyo maana zipo kasula zenye mashada ya maua ya bustani, riboni na vikapu, ambavyo fundi alivibuni kwa ajili ya dansi katika jumba la kifalme. Kuvitafutia mafundisho vikapu hivyo ni kuwasingizia. Fumbo, kama lipo, limo katika tendo la yule aliyelivua vazi lake akalitoa.

Nakshi nazo husafiri na kubadilishwa majina njiani. Lile umbo la tone lililopinda ncha, ambalo katika khanga zetu huitwa korosho, lilitoka katika shali za Kashmir. Lilipendwa mno Ufaransa baada ya vita vya Napoleone huko Misri, kati ya 1798 na 1801, na viwanda vya Paris, Lyon na Nîmes vikaliiga kwa mtambo wa Jacquard. Kwa hiyo mama aliyejitanda khanga ya korosho katika ibada amejitanda ua lenye ukoo mmoja na shali za mabibi wa Paris, na ukoo huo asili yake ni Asia.

Katikati ya karne ya 19 lilizuka pia shauri juu ya namna ya kuchora. Wapo walioona kwamba waridi linaloonekana kama hai, lenye kivuli na umande, linawafanya watu walitazame kitambaa na kumsahau Mungu. Wakarudi kwenye nakshi za Zama za Kati, maua bapa yaliyorahisishwa yakawa alama. Mapadre Wayesuiti wawili, Charles Cahier na Arthur Martin, walichapisha michoro ya vitambaa vya kale iliyowasaidia sana wafumaji wa mavazi ya ibada. Kasula yenye maua bapa, iliyojipanga ndani ya miduara au miraba, kwa kawaida ni ya nusu ya pili ya karne hiyo au baadaye. Sisi twaona pande zote mbili zilikuwa na haki, ingawa kwa mwamini aliyeketi benchi la nyuma ua bapa linasomeka vizuri zaidi.

Baada ya Mtaguso

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturujia, ulifundisha kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake pekee, na kwamba katika mavazi na mapambo utafutwe uzuri wenye heshima kuliko ufahari mtupu. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, katika namba 343 na 344, unaruhusu vitambaa vya asili vya kila nchi vinavyostahili ibada, na unasema uzuri wa vazi utokane na kitambaa na mshono wake, huku mapambo yake yakiwa ni alama zinazohusiana na matumizi matakatifu.

Nchi yetu ya pamba haikuyasubiri maneno hayo. Pale Bujora, Padre David Clement wa Wamisionari wa Afrika pamoja na waamini Wasukuma walikuwa wameanza tangu miaka ya 1950 kuzitumia alama za utemi wa Kisukuma katika ibada, na kanisa lao la mviringo lipo hadi leo kwa yeyote atakaye kuliona. Kutokana na hayo wapo wanaosema: basi maua ya Wafaransa tuyatupe. Hatukubaliani nao. Lakini pia hatukubaliani na desturi ya kuagiza kasula mpya yenye ua la kigeni kwa sababu tu ndilo lililokuwamo katika katalogi. Jumuiya inayotaka kudarizi kasula kwa ajili ya kigango chake inayo maua yake: mpasheni tulioueleza, pamba iliyopasuka, hata nyinyoro ya mabondeni. Fundi wa cherehani aliye mtaani anaweza kuyachora akielekezwa. Mchoro upelekwe kwanza kwa paroko.

Kasula ya zamani ifanyiweje

Vazi lililobarikiwa ni kitu kitakatifu, na kanuni ya 1171 ya Sheria ya Kanisa inataka litendewe kwa heshima, lisitumike kwa kazi isiyolifaa. Kulikata kuwa foronya ni kosa. Mali yenye thamani ya sanaa au historia haiwezi kuuzwa wala kutolewa kihalali bila idhini ya Kiti Kitakatifu, kwa mujibu wa kanuni ya 1292, na kanuni ya 1283 inadai iwepo orodha kamili ya mali ya namna hiyo. Mtu akija parokiani akitaka kununua «vitambaa vikuukuu», ajibiwe kwamba si vya paroko wala si vya Halmashauri ya Walei kuuza. Vazi lililoharibika kabisa, lisilo na thamani ya namna hiyo, kwa desturi huchomwa na majivu yake kuzikwa mahali pasipokanyagwa. Lakini asiamue msakristia peke yake kwamba halina thamani.

Kuhusu utunzaji, adui wa kwanza ni jua. Rangi za kemikali zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1850, mojawapo ikitengenezwa Lyon kwenyewe na François-Emmanuel Verguin, na nyingi zilififia upesi mwangani. Adui wa pili ni waya wa kutundikia: kasula nzito yenye zari hujirarua mabegani kwa uzito wake yenyewe. Ilazwe tambarare katika droo, ifunikwe kwa marekani iliyofuliwa bila wanga wala bluu, na mikunjo iwekewe kitambaa kilichoviringwa ili isivunjike. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu wa ziwa ndani na kuleta ukungu. Dawa ya nondo isiguse hariri. Vazi lisifuliwe wala kupigwa pasi. Zipo hariri za mwisho wa karne ya 19 zilizoongezwa uzito viwandani kwa chumvi za madini, nazo hupasuka zenyewe kama karatasi kavu. Hizo zisikunjuliwe ovyo.

Ili kutambua kazi ya Lyon, anza na bitana. Nyumba nyingi za mavazi ya Kanisa zilishona humo kitambaa kidogo chenye jina la nyumba na mji. Bitana ikiwa imefumuka, tazama nyuma ya hariri bila kuivuta: ua lililofumwa huonyesha nyuzi zake za rangi upande wa nyuma, lililodariziwa huonyesha mafundo, na lililopigwa chapa huonyesha kivuli hafifu tu. Piga picha ya mbele, ya nyuma na ya jina hilo, andika vipimo, rangi, aina ya maua na mahali vazi linapokaa, na uwaulize wazee wa parokia ni padre gani wanamkumbuka akilivaa. Nakala moja ya karatasi hiyo ibaki sakristiani, na nyingine ipelekwe ofisi ya Jimbo.